Niania: Msimpe kijana msumeno kabla hajapata fundi

Ndugu wasikilizaji wa Niania, na nyinyi wakimbizi wa ndani mnaotufuata kutoka Mambasa mpaka Bunia, leo nasema wazi: kumpa kijana randa, msumeno na cheti baada ya mafunzo ya miezi 3 ni kumdanganya.

Tunakaa kwenye njia panda ya barabara za Kisangani, Isiro na Bunia, msitu umetuzunguka. Mbao za libuyu za wilaya yetu ya Mambasa zinapakiwa kwenye malori na kuvuka mpaka kwenda Uganda. Sisi wenye msitu, bado tuna watoto wanaokaa chini darasani. Mbao hatukosi. Tunakosa mikono iliyofundishwa.

Useremala hauingiwi kwa sherehe ya kugawa vyombo. Kijana anaanza kwa kunoa patasi na kunyoosha ubao kwa randa. Kisha anajifunza kuchonga ulimi na tundu mpaka vikamatane bila msumari. Mwisho anajifunza kungoja: ubao mbichi uliopasuliwa jana, ukiufanya mlango leo, utakauka na kupinda. Hayo hayaingii mikononi kwa miezi 3.

Kinachofuata tunakijua. Mlango haufungi, mteja anarudi na hasira, kijana anauza randa sokoni apate chakula, kisha anaingia kwenye machimbo ya dhahabu. Halafu watu wanasema wakimbizi ni wavivu!

Mtanijibu kwamba familia iliyokimbia vita haiwezi kungoja miaka 2. Ni kweli, njaa haina subira. Basi pesa za vyombo na za sherehe zimlipe fundi wa hapa anayefundisha, na zimpe mwanafunzi chakula cha mchana kila siku. Vyombo apewe mwishoni, akishatengeneza mlango unaofunga.

Na nyinyi mafundi, msijifiche nyuma ya mashirika. Kijana anayefagia takataka za mbao mwaka mzima bila kushika mita, mnamfanya mtumwa. Andikeni mapatano na mzazi wake: atajifunza nini, kwa muda gani, na ataanza kulipwa lini.

Wazazi, ulizeni hayo kabla ya kumwacha mtoto kwenye atelie. Siku mtakaporudi vijijini kujenga upya nyumba zilizochomwa, milango yake itatengenezwa na nani?