Theluji na Mfuko wa Mzazi

Sisi wa Pwani tulijitapa mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, alipoiwakilisha Kenya kwenye theluji ya Pyeongchang. Wachache waliuliza gharama. Binti yule alilelewa Austria. Philip Boit, kule Nagano 1998, alibebwa na kampuni ya Nike. Mzazi wa Nairobi anayetaka wanawe wakateleze Ulaya hubebwa na mfuko wake. Basi, ndugu yangu, yapite maduka ya katikati ya jiji, ushuke Soko la Toi, ubavuni mwa Kibera. Nimeyaona pale makoti ya theluji, mtumba wa huko huko Ulaya. Vuta zipu, kagua mishono. Mbao za kutelezea usinunue: zikodi mlimani, kwani mguu wa mtoto haungoji msimu ujao. Nendeni mapema Desemba, kabla Krismasi haijapandisha bei za vyumba.