Kidonge cha Furaha na Sahani ya Maharagi



Vichupa vidogo vya plastiki vimeingia katika nyumba zetu za Minova. Vingine vimevuka ziwa kutoka Goma, vingine vimetumwa na ndugu walio Ulaya, na vingine huuzwa mkono kwa mkono na vijana wenyewe, mbele ya kanisa, watu wanapotoka misani. Juu yake limeandikwa jina la asidi amino, mara nyingi triptofani. Muuzaji huahidi usingizi, nguvu, akili ya masomo, na zaidi ya yote moyo mweupe. Bei ya kichupa kimoja yaweza kulingana na chakula cha nyumba kwa juma zima. Vijana kadhaa wametuuliza sisi makatekista kama inafaa kuvinunua, na wengine kama inafaa kuviuza.

Tunatoa maoni yetu mapema. Kidonge hicho si uchawi, wala kukimeza si dhambi. Lakini ahadi inayouzwa pamoja nacho ni kubwa kuliko ujuzi uliopo, nayo inatuondolea macho juu ya mambo mawili yanayoweza kutusaidia kweli, yaani chakula chetu na watu wetu.

Tuanze na kitu chenyewe. Mwili hujengwa kwa protini, na protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, kama ukuta unavyojengwa kwa matofali. Asidi hizo ni 20, na kati yake 9 haziwezi kutengenezwa na mwili wa mtu. Sharti ziingie kwa njia ya chakula. Triptofani ni moja ya hizo 9. Ubongo huitumia kutengeneza serotonini, ambayo inahusika na usingizi, hamu ya kula na hali ya moyo. Mwili huitumia pia kutengeneza niasini, moja ya vitamini za kundi la B.

Kutoka hapo muuzaji husema: serotonini huleta furaha, triptofani huzaa serotonini, basi meza triptofani upate furaha. Maneno hayo yanapendeza sikioni, lakini mwili haufanyi kazi kwa njia nyepesi hivyo. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili imo tumboni, na hiyo haiingii katika ubongo. Triptofani yenyewe inapofika mlangoni pa ubongo hushindania nafasi na asidi amino nyingine. Fundi aliyekwisha kupata matofali yake hapandishi ukuta kwa haraka zaidi kwa sababu umemwagia lori la pili kiwanjani.

Hata hivyo, matofali yakikosekana kabisa nyumba huanguka, na jambo hilo Afrika yetu inalijua vizuri. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na ugonjwa wa pelagra, na wagonjwa wakapita 17,000. Chakula chao kilikuwa hasa mahindi, ambayo yana triptofani kidogo, tena niasini yake haitumiki vema mwilini. Karanga walizokuwa wakigawiwa, ambazo ziliwapatia niasini, zilikosekana kwa miezi kadhaa. Pelagra hubabua ngozi penye jua na kuharisha tumbo. Kisha hugusa akili, mtu akawa na huzuni, akasahau, na mwishowe akachanganyikiwa. Huo ni mfano wa huzuni iliyotoka kweli katika sahani.

Hapa kwetu Kivu tunao mfano ulio karibu zaidi, nao ni bwaki. Wazee wetu walikuwa na jina hilo, na madaktari wa dunia walipokea jina la kwashiorkor kutoka Ghana ya leo, ambako daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933. Mtoto wa bwaki huvimba miguu, nywele zake hugeuka rangi, na mama akimchezesha hacheki. Kule Lwiro, katika kituo cha utafiti kilichokuwa cha taasisi ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, wachunguzi waliusoma ugonjwa huo kwa miaka mingi wakitibu watoto wa vijiji vya Kabare na Kalehe. Bukavu nayo ilizaa Kamati ya Anti-Bwaki, ambayo jina lake lilitangaza kazi yake.

Kuna fundisho ndani ya historia hiyo. Kwa miaka mingi wataalamu wa dunia waliamini kwamba protini peke yake ndiyo inayopungua, kwamba ukimpa mtoto unga wa protini umemaliza kazi. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika gazeti la madaktari la Lancet kwamba njia hiyo imeshindwa, kwa sababu mtoto mwenye njaa anahitaji chakula chote cha kutosha. Ikiwa mabingwa walipotea kwa kutafuta kitu kimoja cha kuponya kila kitu, sisi tusishangae kwamba muuzaji wa vichupa anapita katika njia hiyo hiyo.

Sasa tufanye hesabu kama tufanyavyo darasani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu mzima anahitaji kama miligramu 4 za triptofani kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kijana wa kilo 60 anahitaji basi karibu miligramu 240. Gramu 100 za maharagi makavu, ambazo ni konzi mbili tu, zina kama miligramu 250. Sambaza wa ziwa letu, soja, karanga na mayai navyo vinayo. Tena maharagi yana kwa wingi asidi amino inayopungua katika mahindi, na mahindi yana ile inayopungua katika maharagi. Ndiyo maana mama zetu walipovichanganya katika chungu kimoja walifanya kazi ya hekima. Ugali wa muhogo peke yake hautoshi, maana muhogo una protini kidogo sana. Lakini fufu pamoja na maharagi au sambaza ni chakula kamili zaidi kuliko wengi wanavyofikiri. Kijana aulaye hivyo kila siku amekwisha kupata triptofani yake kabla ya kufungua kichupa.

Mtatuuliza: je, kidonge chaweza kudhuru? Mwaka 1989, katika Marekani, watu waliokuwa wakimeza triptofani walianza kuugua maumivu makali ya misuli na ugonjwa wa damu uliokuwa mgeni kwa madaktari. Wagonjwa walipita 1,500, na watu wasiopungua 37 walikufa. Wachunguzi walifuata njia ya vidonge hivyo hadi kiwanda kimoja cha Japani, wakakuta bidhaa yake ilikuwa na uchafu ulioingia wakati wa kutengenezwa. Nchi yenye maabara na wakaguzi wengi ilipatwa na mkasa huo. Sisi tunaonunua kichupa kilichopita mikono mitano, ambacho hakuna aliyekikagua, tunayo sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Na yule aliyeandikiwa na daktari dawa za kutibu huzuni asiongeze triptofani bila kumwuliza daktari huyo, kwa maana viwili hivyo vikikutana vyaweza kuzidisha serotonini mpaka mwili ukatetemeka, ukawaka moto, na maisha yakawa hatarini.

Na je, chaweza kusaidia? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 108 ya triptofani na ya dawa iliyo jamaa yake, wakitafuta kama vinatibu huzuni nzito. Majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu wa kutosha yalikuwa 2 tu, yenye watu 64 kwa jumla. Matokeo ya hayo mawili yalielekea upande wa kusaidia, lakini wao wenyewe walisema hayatoshi kutoa hukumu. Asemaye kwamba kidonge hakifanyi lolote amepita mpaka wa ujuzi, na asemaye kwamba kinaponya amepita mbali zaidi.

Muuzaji atajibu kwa ushuhuda: fulani alimeza akalala, fulani alimeza akafaulu mtihani. Sisi pia tunao ushuhuda. Baada ya vita kutufukuza na kuturudisha, watatu kati yetu waalimu walipokea vidonge hivyo kutoka kwa ndugu wa ng'ambo, wakavimeza kwa miezi miwili. Mmoja aliona usingizi unarudi. Wa pili hakuona badiliko lolote. Wa tatu aliona kichefuchefu akaacha. Yule wa kwanza, katika miezi hiyo hiyo, alikuwa amerudi nyumbani kwake, madarasa yalikuwa yamefunguliwa, na jioni alikuwa anaimba tena na wenzake wa kwaya. Ni kipi kilichomrudishia usingizi? Yeye mwenyewe husema hajui, nasi tunamheshimu kwa jibu hilo.

Kanisa letu limejifunza zamani uangalifu wa namna hiyo. Kule Lourdes, Ufaransa, iko ofisi ya madaktari tangu mwaka 1883. Maelfu ya watu wameeleza huko kwamba wamepona, na hakuna anayewadharau. Hata hivyo, uponyaji uliotangazwa kuwa muujiza haupiti sana 70 kwa muda huo wote. Huulizwa kwanza: ugonjwa ulithibitishwa? Kupona kumedumu? Hapakuwa na dawa iliyoweza kuleta kupona huko? Ikiwa Kanisa linapima hivyo ushuhuda wa mtu aliyetoka kusali, kwa nini sisi tupokee bila kupima ushuhuda wa mtu anayetafuta faida?

Tunafika sasa penye kiini. Huzuni iliyo ndani ya vijana wetu wengi haikutoka katika upungufu wa asidi amino. Mmeona Minova ikijaa waliohamishwa, mara moja na mara nyingine. Mnakumbuka, au mmesimuliwa, maovu ya Novemba 2012, wakati askari waliokimbia kutoka Goma walipowatendea jeuri wanawake na wasichana wa hapa. Mmeona Januari 2025, mji ulipobadili mikono. Wako kati yenu waliozika, waliopoteza mashamba, walioacha shule. Kumwambia kijana kama huyo kwamba anapungukiwa na kidonge ni kumwambia kwamba kasoro iko ndani yake. Lakini yeye analia kwa sababu yako mambo ya kuliliwa. Anahitaji asikilizwe, apate haki, arudi shuleni, na pale moyo unapozidiwa, apate mganga mwenye ujuzi.

Kumbukeni nabii Elia alipokimbilia jangwani akaomba afe. Malaika hakumkaripia, wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Baadaye ndipo Mungu alisema naye, na akamwelekeza kwa Elisha ili asiendelee na kazi peke yake. Chakula, usingizi, neno na mwenzi vilifuatana kwa utaratibu huo, na hakuna kilichochukua nafasi ya kingine.

Mtatuambia: maharagi yenyewe yamepanda bei, mashamba ya milimani hayafikiki, na sambaza wanakwenda kuuzwa mbali. Ni kweli, nasi hatuwezi kulificha. Lakini pesa za kichupa kimoja hununua maharagi ya siku nyingi, au mbegu za soja za kupanda kiwanja kizima. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa vikundi vyote vya vijana.

Kwanza, uwanja wa kanisa usiwe soko la vidonge, na mwana wa kikundi asiwaandikishe wenzake katika biashara ambayo faida yake hutoka katika kuandikisha wengine. Anayekupa mkono wa amani misani asikufikirie kama mteja.

Pili, kila kikundi kiombe kwa padri au kwa mzazi mwenye ardhi kipande kidogo cha kulima soja, maharagi na lengalenga, na mavuno yake yaende kwanza kwa nyumba zenye watoto wadogo na za waliohamishwa.

Tatu, tujifunze kumtambua mwenzetu anayezama. Asiyelala majuma kadhaa, asiyekula, anayejitenga, anayesema afadhali afe, asiachwe na kichupa wala asiachwe na sala peke yake. Asindikizwe hadi kituo cha afya au hospitali kuu ya Minova, na ikihitajika, njia ikiruhusu, hadi SOSAME huko Bukavu, ambako wagonjwa wa akili na wa moyo hutunzwa. Kumsindikiza ni pamoja na kumngojea na kurudi naye. Yoshua bin Sira alifundisha kwamba mganga anastahili heshima na kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa mapenzi ya Mungu. Basi aliyepewa dawa na daktari aitumie bila haya, na asiiache kwa sababu jirani amemsifia kitu kingine.

Ya kujadiliana katika kikundi:

1. Mtu akikuletea ushuhuda wa dawa, utamwuliza maswali gani kabla ya kuamini?
2. Katika nyumba zenu, ni chakula gani cha hapa kilichoachwa ambacho kingefaa kurudishwa sahanini?
3. Ni nani katika kikundi chetu ambaye hatujamwona tangu majuma matatu, na ni nani atakwenda kwake kabla ya Jumapili?