Zawadi ya Kumshukuru Mwalimu

Mwezi wa sita ukifika, mambo ya shule yakaribia mwisho. Madaftari yamejaa. Mitihani yaja. Katika kalasi nyingi neno moja huanza kupita toka benchi moja hata jingine: "Tumpe mwalimu zawadi." Neno ni jema. Lakini mara nyingi huharibika njiani.

Ilikuwa hivi katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Moba. Watoto wa kalasi ya sita walikusanyika chini ya mwembe. Mmoja akasema, "Tumnunulie shati." Wa pili akasema, "Saa ya mkono." Wa tatu akasema, "Tumpe feza tu, atanunua mwenyewe." Basi mkubwa wa kalasi akatwaa karatasi, akaandika majina yote, akasema: "Kila mtu alete faranga elfu moja. Atakayeleta nitamtia alama. Asiyeleta, mwalimu ataona."

Msichana mmoja hakusema neno. Baba yake ni mvuvi wa ndagaa. Wavuvi wa ndagaa huvua usiku wa giza, kwa taa, maana samaki hao hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazina nguvu, na mitumbwi hulala mchangani. Siku zile mwezi ulikuwa mpevu. Nyumbani mwao mlikuwa na unga wa mihogo na mboga, feza hazikuwamo. Kesho yake msichana hakuja shuleni. Kesho kutwa hakuja tena. Mwalimu akauliza habari zake, wenzake wakasema ana homa. Hakuwa na homa. Aliogopa ile karatasi.

Zawadi gani hiyo inayomfukuza mtoto katika nyumba ya masomo? Hiyo si zawadi, ni kodi. Zawadi hutoka kwa mtu apendaye kutoa. Ikiwa lazima, ikiwa imepimwa sawasawa kwa wote, ikiwa ina orodha na alama, jina la zawadi haliifai tena.

Watu wazima wa Kongo wana sababu ya kuchanganya mambo haya mawili. Katika miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilikuwa haba, au haikuja kabisa, na wazazi ndio waliowalisha walimu. Mtoto alipeleka feza shuleni, na asiyepeleka alirudishwa nyumbani. Katiba ya mwaka 2006 ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za Serikali ni bure. Lakini neno hilo lilikaa katika kitabu miaka mingi. Ilikuwa mwezi wa tisa wa mwaka 2019 Serikali ilipoanza kulitimiza kwa nchi nzima. Shule za misheni zimo pia, maana kwa mapatano ya mwaka 1977 Kanisa laziongoza, na mishahara ya walimu ni juu ya Serikali. Walimu wengi hulalamika kwamba mshahara ni mdogo au wachelewa, nao wana haki ya kulalamika. Lakini deni hilo ni la Serikali. Karatasi ya majina na alama yamrudishia mtoto kichwani mzigo ambao sheria imekwisha kuutua.

Kuna jambo la pili, nalo ni siku ya kutoa. Hapo wengi hukosa bila kujua.

Mama mmoja ampeleka mwanawe kwa mwalimu na kuku mkononi. Ni wiki ya mitihani. "Mwanangu, umwambie mwalimu, mama anakusalimu." Mama hana nia mbaya; amemwona mwalimu akitoka jasho mwaka mzima, amemhurumia. Je, mwalimu atafanya nini? Akimrudisha kuku, amemwaibisha mama. Akimpokea, usiku ule atakuwa na madaftari mezani na kuku katika chungu. Daftari la mtoto yule litafika. Hesabu ya tatu imekosewa kidogo. Ampe pointi au asimpe? Hata akifanya haki kabisa, wenzake waliomwona kuku akiingia hawatasadiki. Kuku akawa amefunga mdomo wa mwalimu, na pointi za mtoto mwerevu zikaanza kunuka mchuzi.

Watu huita matoleo ya namna hiyo matabishi. Wengine husema kwa utani "maharagwe ya watoto." Maharagwe ni chakula chema, na pengine mtu ayatoa kwa moyo mweupe, lakini yakija kabla ya pointi kusomwa, hakuna awezaye kuupima moyo huo. Kwa hiyo yafaa kungoja. Mwanzoni mwa mwezi wa saba pointi husomwa mbele ya watu wote. Wanaopanda wamejulikana, wanaorudia wamejulikana. Hapo mwalimu hana tena kitu cha kuuza, na mtoto hana tena kitu cha kununua. Zawadi itolewayo siku ile, au kesho yake, yajulikana na wote kuwa ni shukrani. Na ikitoka kwa mtoto aliyeambiwa kurudia kalasi, hiyo yashinda zote.

Mtu atajibu: "Mwalimu ana njaa mwezi wa sita, angoje mpaka wa saba?" La, mwenye njaa asingoje. Lakini shauri la njaa ya mwalimu ni la watu wazima. Halmashauri ya wazazi wakutane na mkubwa wa shule, waseme wazi, wasaidie walimu wote pamoja kama majirani wanavyosaidiana, wala mtoto asitumwe. Vilevile shamba la mwalimu. Zamani, na pengine hata leo, kalasi nzima ilitolewa kwenda kulilima saa za masomo, ikaitwa msaada. Mtoto alirudi na malengelenge mkononi, wala hakujifunza kusoma.

Basi, ampe nini?

Hapa ndipo akili ya mtoto huonekana. Wengi huanza kwa kuuliza, "Nini kinauzwa sokoni?" Yafaa kuanza kwa kumtazama mwalimu. Mtoto amemtazama siku nyingi kuliko watu wote wa kijiji, ila kwa kawaida alitazama ubao. Amtazame sasa. Mikono yake ni myeupe kwa chaki tangu asubuhi. Je, pana kitambaa cha kufutia ubao, au hufuta kwa mkono wa shati? Njiani hupita mto. Viatu vyake vina hali gani? Mvua zikianza, hufika amelowa, akafundisha amelowa mpaka saa sita. Jioni husahihisha madaftari 50 kwa taa ndogo. Baiskeli yake hukaa imeegemea ukuta kwa sababu mpira umetoboka. Mwalimu mwanamke mwenye mtoto mchanga humlaza wapi mtoto wake anapofundisha?

Kila swali la namna hii lina zawadi ndani yake. Kitambaa cha kufutia ubao hushonwa kwa matambara. Kigoda cha kukalia chini ya mti hukatwa kwa panga na kisu. Mkeka wa mtoto mchanga husukwa na wasichana watatu kwa juma moja. Sabuni, mafuta ya taa, dawa ya kuziba mpira, mwavuli ikiwa baba wa mmoja ana duka: vyote ni vyema, mradi vimfae mtu yule. Karanga za shamba la nyumbani, katika kikapu kidogo kilichosukwa na mtoto mwenyewe, hazikosi kufaa, na tena hazinuki.

Jambo la kunuka si la kuchekwa. Mwalimu aliyetoka mbali hurudi kwao siku ya pili ya likizo. Anapanda lori au mashua, na watoto wanamletea sangala mbichi! Mwingine hukaa katika chumba kimoja cha kupanga, na familia tano zampelekea kuku watano wazima, siku moja. Wapeane shauri kwanza. Shati nalo lina hatari zake: nani ajua upana wa mabega ya mwalimu? Akipewa lisilomwenea, italazimu alivae mbele yao. Na kulikuwa na mvulana aliyechonga fimbo nzuri sana ya mti mgumu, laini, yenye nakshi, ili mwalimu aonyeshee herufi ubaoni. Mwalimu alifurahi. Wadogo wa mvulana yule, waliokuja kalasi ile mwaka uliofuata, hawakumshukuru ndugu yao.

Saa ya mkono haina ubaya, lakini bei yake humlemea mwalimu. Mtu maskini akipewa kitu kikubwa na watoto wa maskini, hukitazama na kuwaza ni nani hakula. Ukubwa wa zawadi upimwe kwa mtoto aliye na kidogo kuliko wote katika kalasi. Alichoweza yeye, wote waweza. Nao wenye nacho waufiche uwezo wao siku moja tu.

Tena iko zawadi isiyotaka sokoni, nayo walimu huitunza kuliko mashati. Ni barua. Si barua ya maneno makubwa, "Mwalimu mpendwa, wewe ni nuru yetu, wewe ni baba yetu," maneno ambayo kila kalasi hunakili kwa kalasi iliyotangulia. Barua yenye jambo moja la kweli ndiyo njema. "Mwalimu, sikujua kusoma saa, ulichora saa mchangani." "Mwalimu, nilipofiwa na kaka yangu, hukuniuliza kazi ya nyumbani." Mwalimu hafahamu ni neno gani lililoshika na lipi lilianguka chini. Mpanda mahindi huona mahindi. Yeye mazao yake huondoka kila mwaka mwezi wa saba, yakiwa mabichi, nayo hayarudi kumwambia yaliyotokea. Barua ni mhindi mmoja uliorudi.

Na kwa barua hakuna haja ya kungoja likizo. Katika Kongo tarehe 30 ya mwezi wa nne ni siku ya walimu. Tena tangu mwaka 1994 ulimwengu wote huwakumbuka walimu tarehe 5 ya mwezi wa kumi, kwa sababu siku ile, mwaka 1966, mataifa yalipatana huko Paris juu ya haki na kazi za walimu. Siku hizo mtoto akisimama na kusema, "Asante, Mwalimu," imetosha. Neno la asante halinunui pointi.

Yule msichana wa mvuvi alikaa nyumbani siku mbili. Siku ya tatu mama yake alijua, maana mtoto mwenye homa hachoti maji mitungi mitatu. Akamwuliza, naye akasema yote. Mama hakwenda kukopa feza. Alimwuliza: "Mwanangu, mwalimu huyu alikufundisha nini?" Msichana akafikiri, akasema: "Kugawanya. Nilikuwa siwezi. Alibaki nami chini ya mwembe, akagawanya ndagaa wa kuchora, mafungu kwa mafungu, mpaka nikaelewa." Mama akasema, "Basi, mwandikie hayo." Kisha akaenda mwenyewe kwa mkubwa wa shule, akamweleza habari ya karatasi. Mkubwa wa shule akaiomba, akaikunja, akaitia mfukoni, na hakuna mtu aliyeiona tena.

Siku ya kusoma pointi ilifika. Watoto walileta walivyoweza: karanga, mkeka, kitambaa cha ubao, na wengine hawakuleta kitu wala hapana aliyehesabu. Msichana alitoa karatasi moja ya daftari, iliyokunjwa mara nne. Mwalimu akaisoma palepale, amesimama. Hakusema neno. Akaiweka katika kitabu chake cha majina. Halafu akamwuliza:

"Baba yako ameanza kuvua tena?"

"Ndiyo, Mwalimu. Giza limerudi."