Bastola siyo simu ya mkononi, mheshimiwa

Najua nimepotea. Muhula umebana, kibarua cha kafeteria kimebana, na joto la hapa Houston halina adabu kabisa. Leo nimeiba saa moja ya maktaba maana kuna jambo limenikaa kooni.

Jambo lenyewe ni bastola. Kwenye nyumba yetu tunakaa wanafunzi wanne. Mmoja wetu ana uraia wa hapa, ametimiza miaka 22, na ameamua kununua bastola. Sheria inamruhusu, na hilo sigombani nalo leo. Ninachogombana nacho ni jinsi anavyochagua. Wiki ya tatu sasa tunaonyeshwa picha sebuleni: hii ya nikeli inang'aa kama kijiko cha harusi, hii nyeusi tii, hii ina rangi ya mchanga wa jangwani, hii ina taa, hii ina nukta nyekundu ya kulengea. Na washauri wake wakubwa ni sisi, watoto wa Bongo ambao bastola tumeijua kwenye sinema. "Chukua ile ya fedha mwanangu, ina heshima."

Heshima mbele ya nani?

Maana hapa Texas sheria ya kubeba bastola kwenye vyuo vikuu vya serikali ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 2016, siku ileile ilipotimia miaka 50 tangu mtu mmoja apande mnara wa University of Texas kule Austin na kuwafyatulia watu risasi. Inamruhusu mwenye leseni kuingia nayo chuoni, lakini isionekane. Ukiionyesha kwa makusudi, ni kosa la jinai. Kuanzia Septemba 2021 watu wazima wengi wanaweza kubeba mitaani bila leseni, ila chuoni leseni bado inatakiwa na kuificha bado kunatakiwa. Sasa mheshimiwa wetu anataka kulipia zaidi kwa ajili ya mng'ao wa kitu ambacho kitakaa ndani ya suruali, chini ya fulana. Ni kama mtu anayepaka hina nyayoni halafu anavaa gambuti.

Mimi nasoma uhandisi wa mitambo, na muhula huu tuna somo la metali, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Ile rangi ya nje siyo rangi kama ya ukuta. Ni jibu la swali moja: chuma hiki kitakutana na nini? Ile nyeusi yenye kivuli cha bluu, ambayo wazee wa hapa wanaipenda sana, ni aina ya kutu. Ndiyo, kutu. Chuma kinachemshwa kwenye chumvi kali mpaka kinapata ngozi ya oksaidi nyeusi, ndugu yake na ile nyekundu iliyo kwenye bati la jikoni, ila hii imeshikana vizuri. Inapendeza kuliko zote na inakinga kidogo sana. Usipoipaka mafuta, jasho linaila. Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walizitia bastola zao za M1911A1 koti la fosfeti, la kijivu, lisilong'aa, limeparuza kidogo. Hakuna aliyelisifia kwa uzuri, lakini linashika mafuta kama sifongo, na hilo ndilo lililotakiwa.

Nikeli ni koti juu ya chuma. Likikwaruzwa mpaka chini, unyevu unaingia kwa chini na koti linaanza kubanduka, na dawa za kusafishia mtutu zenye amonia zinaweza kulishambulia. Stenlesi je? Smith & Wesson walitoa bastola yao ya kwanza ya stenlesi, Model 60, mwaka 1965, na watu wakadhani kutu imezikwa. Haikuzikwa. Stenlesi inachelewa tu kushika kutu.

Halafu kuna Glock. Jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982 kutoka kwa Gaston Glock, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa anatengeneza visu na fimbo za mapazia. Mwili wa plastiki, umbo la tofali. Lakini chuma chake cha juu kimepitishwa kwenye moto na naitrojeni, ule ugumu umeingia ndani ya chuma chenyewe. Weusi wa juu ukichakaa, kinga bado ipo. Mheshimiwa ameiangalia akasema "haina mvuto". Aisee! Mtu atabeba chuma kimegusana na tumbo, Houston, mwezi wa Agosti, na ni mtu ambaye sijawahi kumwona akipaka mafuta hata mnyororo wa baiskeli yake. Swali lake la rangi limeshajibika. Ni vile tu jibu halimpendezi.

Tuje kwenye vilengeo, yaani vile vidude vya juu, kimoja nyuma na kimoja mbele, unavyovipanga ili ulenge. Hapa ndipo maduka yanapokula hela za watu. Mtihani wa shabaha wa leseni ya Texas ni risasi 50, kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15. Chukueni hiyo yadi 7, mita 6.4. Kama kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kuna sentimita 15, na wewe umepanga vibaya kwa milimita 1 nzima, risasi itapotea kama sentimita 4 tu. Kigae cha chai hicho. Lakini kidole chako kikivuta triga kwa papara na mtutu ukageuka nyuzi 2, risasi imepotea sentimita 22. Hesabu ya kidato cha tatu hii, fanyeni wenyewe. Kwa hiyo unaponunua vilengeo vya bei mbaya kabla hujafundisha kidole, unarekebisha zile sentimita 4 na kuziacha zile 22.

Vile vya tritiamu vinavyong'aa gizani, mheshimiwa anavitaka sana. Sawa. Ila tritiamu inapungua nusu kila baada ya miaka 12 na miezi kadhaa, kwa hiyo ukinunua bastola ya mkono wa pili yenye vilengeo hivyo, uliza vilitengenezwa lini. Na hata vikiwa vipya, gizani vinakuonyesha bastola yako iko wapi. Havikuonyeshi aliyesimama mbele yako ni nani.

Hiyo nukta nyekundu siibezi. Jicho la binadamu haliwezi kuona kwa ukali vitu vitatu vya umbali tofauti kwa wakati mmoja, na nukta inakuondolea kazi hiyo. Unaangalia shabaha tu. Kwa mtu wa mazoezi ni kitu kizuri. Kwa asiye na mazoezi, anainua mkono, dirisha ni tupu, nukta haipo, anaanza kuitafuta kama mtu anayetafuta mtandao kwenye simu. Na ina betri, lazima mtu aikumbuke. Huyu ni mtu ambaye king'ora cha moshi cha jikoni kimelia kwa kukosa betri tangu Februari.

Sasa ile taa ya kufunga chini ya mtutu. Hapa sina utani. Mmoja wetu anatoka kibaruani saa nane usiku. Mlango wa jikoni unakwama, mpaka aupige bega. Kila siku ya Mungu, saa nane na dakika kadhaa, nyumba yetu inapata kishindo cha mwizi kamili. Ukiwa na taa kwenye bastola tu, njia yako ya kujua ni nani ni kumwelekezea mtutu kwanza ndiyo umulike. Kumuelekezea mtutu mwenzako aliyebeba mfuko wa kuku wa kukaanga! Tochi ya mkononi ya bei ya chakula cha mchana inafanya kazi hiyo bila kumwelekea mtu risasi. Lakini tochi haimo kwenye ile orodha ya sifa, kwa hiyo hakuna anayeizungumza sebuleni.

Kuna kingine kisichomo. Kisanduku cha chuma chenye kufuli. Watu wanne, wageni kila wikiendi, na mheshimiwa mwenyewe akilala hata treni haimwamshi. Nilimuuliza ataiweka wapi, akasema chini ya godoro "kwa sasa". Mtu amelinganisha rangi saba lakini hajafikiria itakaa wapi saa 20 kati ya 24.

Na mkono wake jamani. Ana kiganja kidogo, ni mpole wa mwili kama mimi. Ile ya nikeli aliyoipenda ina mpini mnene, na dukani niliona mwenyewe ncha ya kidole inagusa triga kwa shida, mpaka ageuze kiganja. Hapo ndipo zile nyuzi 2 zinapozaliwa. Jeshi la Marekani, lenye hela zote hizo, lilipochagua bastola mpya mwaka 2017 badala ya Beretta lililokuwa nayo tangu 1985, lilichukua ya SIG Sauer ambayo mpini wake unabadilishwa saizi kulingana na mkono wa askari. Jeshi limejali saizi ya kiganja, wewe unajali mng'ao. Muuzaji, kwa upande wake, alimsifia "macho mazuri" na kumletea nyingine yenye mpini wa lulu bandia.

Neno kwa wale mlioniandikia mkitaka picha zangu "nimeikamata". Hamtaziona. Sisi wa viza ya mwanafunzi sheria ya shirikisho inatukataza kumiliki au kukaa na bunduki au risasi, isipokuwa kwa masharti machache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na wewe uliyeuliza kama mheshimiwa anaweza kukununulia moja kwa jina lake kwa hela yako: hilo ni kosa la shirikisho, lake na lako. Shule imekwisha, viza imekwisha, na mama nyumbani aliyeuza shamba utamwambia nini? Kwamba ilikuwa na rangi nzuri?

Mheshimiwa anasoma ukurasa huu, najua. Jumamosi ndiyo anaenda kulipa. Kaka, kuna uwanja wa shabaha hapo barabarani wanakodisha bastola kwa saa. Kodi tatu, zile mbaya mbaya, piga risasi 50 kwa kila moja kwa zile yadi za mtihani, halafu leta karatasi zenye matundu sebuleni badala ya picha. Itakayokuwa na matundu yaliyokaribiana ndiyo hiyo. Chenji inunue kisanduku na tochi. Rangi, kama bado una hamu nayo, tutapiga kura.

Nakimbia maabara, ripoti ya kutu inadaiwa kesho asubuhi. Mwenye kubisha aje na hesabu.