Gari Kubwa na Hema Dogo

Huko Marekani familia zinazopiga kambi katika hifadhi za taifa zina ubishi wa siku nyingi. Wenye mahema wanalalamikia magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Mengine yana urefu wa mita 12. Kambi nyingi zilijengwa miaka ya 1930, wakati familia ilikuja na gari dogo na hema.

Je, magari hayo yapigwe marufuku? Mimi kama muuguzi nasema hapana. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi kulala chini, na mgonjwa wa kisukari anahitaji friji ya kuwekea insulini na choo cha karibu usiku.

Lakini jenereta ni jambo jingine, wala si kelele tu. Moshi wake una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Basi mwenye gari azime jenereta usiku, kama kambi nyingi zinavyoagiza, na mchana asielekeze moshi kwenye hema la jirani mwenye mtoto.

Nasi nyumbani, umeme ukikatika, jenereta isiwashwe ndani wala karibu na dirisha. Mama, ukiona nyumba nzima inaumwa kichwa kwa pamoja, watoe wote nje kwanza, kisha muende hospitali.