Bozeman: Mwalimu Alale Wapi?

Yapo madai yanayorudiwa kila siku na wauza nyumba, wapiga debe wa utalii na baadhi ya viongozi wa Marekani, kwamba mtu anayefanya kazi kwa njia ya intaneti ni mgeni asiye na gharama. Mshahara wake, wanasema, unatoka San Francisco au New York. Hamnyang'anyi mtu ajira. Huja na kompyuta yake tu, akanunua mkate, akalipa kodi, na Jumamosi akapanda mlima. Basi kila mji mdogo wenye hewa safi na chuo kikuu hauna budi kumtandikia mkeka.

Bozeman, katika jimbo la Montana, uliutandika mkeka huo. Mji huu upo karibu meta 1,470 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Bridger na Gallatin, na umekua pamoja na chuo chake cha umma kilichoanzishwa mwaka 1893 kufundisha kilimo na ufundi. Mwaka 2010 ulikuwa na wakazi 37,280. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta 53,293, na hapo wimbi la wale waliofunguliwa ofisini na ugonjwa wa UVIKO-19 lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Ni kweli kabisa kwamba mgeni huyo hakuchukua kazi ya mtu. Alichukua nyumba. Miaka michache baada ya 2020, bei ya kati ya nyumba ya familia moja ilikuwa imepita dola 700,000. Mwenye mshahara wa California aliiona bei hiyo kuwa nafuu. Mwalimu je? Kwa miaka kadhaa Montana ilikuwa mkiani, au karibu na mkia, miongoni mwa majimbo ya Marekani kwa mshahara wa mwalimu anayeanza kazi. Mwaka 2025 ilipitishwa sheria ya kuupandisha, na jambo hilo lastahili sifa. Lakini nyongeza ya mwalimu haiwezi kushindana mnadani na mshahara wa kampuni za kompyuta.

Kwa hiyo wanaouendesha mji hawalali mjini. Mwalimu, muuguzi, mpishi wa chuo na dereva wa gari la kusukuma theluji hulala Belgrade, kiasi cha kilometa 16, au Livingston, kiasi cha kilometa 40 ng'ambo ya mlima, na katika dhoruba za kipupwe njia hiyo ni ya hatari. Wengine wamejikuta wakiishi katika matrela kando ya barabara, katika nchi ambako baridi hushuka chini ya nyuzi 20 za hasi. Mwaka 2023 halmashauri ya mji ilitunga kanuni za kuwadhibiti watu hao. Waliodhibitiwa ni wenye matrela. Bei iliyowasukuma humo haikuguswa.

Na huo mkate unaosifiwa? Montana haina kodi ya jumla ya mauzo. Mgeni anunue mikate mia, mji haupati senti moja ya kodi kutokana na mikate hiyo. Kodi yake ya mapato huenda Helena, makao makuu ya jimbo. Mji wenyewe hutegemea zaidi kodi ya majengo, ambayo huhesabiwa kwa thamani ya nyumba. Na thamani ikipanda kwa sababu ya mgeni, bibi kizee mstaafu aliyejenga miaka 40 iliyopita anaweza kuletewa hati ya kodi asiyoimudu. Huyo ndiye mgeni asiye na gharama!

Lakini itakuwa uvivu wa fikra kumtwika mgeni mzigo wote. Yeye amenunua alichouziwa. Chuo nacho, chenye wanafunzi zaidi ya 16,000, kimewaacha wengi wao wagombee vyumba mjini. Lawama kubwa zaidi ni ya Baraza la Kutunga Sheria la jimbo. Mwaka 2017 mji uliwataka wajenzi watenge sehemu ya nyumba mpya kwa watu wa kipato cha kawaida. Mwaka 2021 Baraza likapiga marufuku sharti hilo. Mwaka 2023 likapiga marufuku miji kuweka kikomo cha kodi ya pango. Kisha wanaambiwa wajenge tu, soko litajirekebisha. Naam, wamejenga, na ujenzi unahitajika. Lakini mjenzi asiye na sharti hujenga kwa ajili ya mwenye fedha.

Mambo haya si ya Wamarekani peke yao. Kenya ilianzisha mwaka 2024 kibali maalumu cha kuwapokea wafanyakazi wa namna hii. Waliokiandika kibali hicho wangefanya vyema kuwauliza walimu wa Bozeman wanalala wapi.

Wapangaji wa Bozeman hawakukaa kimya. Mwaka 2023 madai yao yalizaa marufuku ya mji dhidi ya kuongeza nyumba za kukodishia watalii ambazo mwenyewe haishi humo, ijapokuwa zilizokuwapo tangu awali ziliachwa ziendelee. Novemba mwaka huohuo wapiga kura walimchagua Joey Morrison, mmoja wa waasisi wa chama cha wapangaji, atumike kwanza kama naibu na kisha kama meya kuanzia Januari 2026. Meya huyo hakupewa uwezo wa kuweka kikomo cha kodi ya pango kwa chumba hata kimoja. Ufunguo huo uko Helena.