Je, Mama Ana Saa Zake Nyumbani?

Mwezi huu sitawaandikia juu ya chanjo wala uji wa lishe. Nataka niwapeleke matembezini kwenye bustani za wafalme, halafu turudi nyumbani tukiwa na jambo la kutafakari.

Mwaka jana nilipata likizo yangu ya kazi. Jioni moja kabla ya kusafiri nilikuwa nafunga kitenge niwahi kikao cha akina mama kanisani. Binti yangu wa mwisho, mwenye miaka 13, akaniuliza, "Mama, leo utakaa?" Nikamjibu, "Hapana, sitakaa sana huko, nitarudi mapema." Akasema, "Siyo huko. Hapa. Hapa nyumbani utakaa lini?" Sikuwa na jibu. Zamu za usiku, kutembelea wagonjwa, kwaya, vikao, yote ni kazi njema. Nilivaa viatu nikatoka, lakini swali lile lilinifuata.

Likizo hiyo nilikwenda Unguja kumsalimu mdogo wangu aliyeolewa huko. Shemeji yangu ni mwalimu, na Jumamosi moja alitupeleka kuona majumba ya kale ya masultani yaliyo upande wa kaskazini ya mji, njia ya Bububu.

Tulianzia Maruhubi. Jumba hili lilijengwa na Sultani Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, na lilikamilika karibu na mwaka 1882. Inasimuliwa kwamba aliliweka kwa ajili ya mke wake na masuria wake wengi. Mwaka 1899 jumba liliungua moto. Leo zimebaki nguzo nene zilizosimama bila dari, hamamu, miembe mikubwa, na mabwawa yenye mayungiyungi juu ya maji. Mimi na unesi wangu, kabla sijasifu maua niliinama kwanza kutazama kama kuna viluwiluwi vya mbu! Mdogo wangu alicheka sana. Lakini nilipoinuka nilihisi huzuni. Wengi wa wanawake wale waliletwa utumwani, na ukuta uliozunguka bustani hiyo nzuri ndio uliowafungia ndani. Maji na maua walipewa, ila mlango wa kutokea hawakupewa.

Kutoka hapo tukaenda Kidichi, juu kilimani kati ya mashamba ya karafuu na minazi. Hapo pana hamamu iliyojengwa mwaka 1850 na Seyyid Said, baba yake Barghash, kwa ajili ya mke wake binti wa kifalme kutoka Uajemi, mjukuu wa mfalme wa nchi hiyo. Ndani kuna mabirika ya kuogea na kuba juu yake, na kutani mafundi wamechonga maua na ndege kwenye chokaa kwa ufundi wa kwao Uajemi. Nikasema moyoni, kweli huyu alimpenda mkewe. Shemeji akaniambia kwamba hata hivyo hawakudumu. Waliachana, na yule mama akarudi kwao. Hamamu ikabaki.

Jioni tulipokuwa tukirudi mjini tukashuka Mtoni, kando ya bahari. Hapa ndipo lilipokuwa jumba la Seyyid Said lenyewe, lililojengwa kabla ya mengine yote, na hapa alizaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Huenda wengi wenu mmewahi kusikia habari zake. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akabatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily, akaolewa na Mjerumani na kwenda naye Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870, akaachwa ugenini na watoto watatu wadogo. Aliandika kumbukumbu zake kwanza kwa ajili ya watoto wake, wapate kujua mama yao alitoka wapi, na mwaka 1886 zikatolewa kitabu.

Katika kitabu hicho anaeleza ua wa Mtoni, mto uliopita ndani yake ukijaza mahamamu, tausi na paa waliotembea huru. Anaeleza pia kibanda kikubwa cha duara cha mbao kilichotazama baharini. Hapo baba yake alipenda kutembea akiwaza. Watu wazima wa familia walikutana naye hapo kunywa kahawa mara kadhaa kwa siku. Na aliyekuwa na neno la faragha alijua saa za kumkuta peke yake.

Neno hilo la mwisho lilinikata maini. Mtu mwenye ufalme toka Unguja hadi Omani, mwenye watoto wengi hivyo, alikuwa na saa zake, na watoto wake walizijua. Mimi kwenye kliniki saa zangu zimebandikwa ukutani. Kila mama wa Bweri anajua siku ya kunikuta. Je, binti yangu angenikuta saa ngapi, na wapi?

Niliporudi nilizungumza na mzee wangu. Tukakubaliana kwamba siku ambazo sina zamu ya usiku, baada ya chakula tutakaa chini ya mwembe wetu toka saa moja hadi saa mbili, na simu zitabaki ndani. Kikao kimoja cha kanisa niliomba mwenzangu anipokee. Siku za kwanza tulikaa kama wageni kwenye msiba. Mzee alizungumzia bei ya dagaa, tukanyamaza. Jioni ya tano alipoingia ndani, binti yangu akasogea mkekani akaniambia taratibu kwamba amevunja ungo, na huo ulikuwa mwezi wa tatu. Alikuwa akitumia vipande vya kanga kuukuu na kuvianika mvunguni, mahali pasipofika jua.

Mimi, ambaye huwafundisha mabinti wa watu juu ya usafi wa hedhi! Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini sikumgombeza. Nilimshukuru kwa kuniambia, kisha tukazungumza mpaka saa mbili ikapita: kufua vizuri, kuanika juani, kuhesabu siku, na maumivu ya kawaida na yasiyo ya kawaida.

Mama mpendwa, sikuambii uache kazi wala huduma. Wala huhitaji bwawa la mayungiyungi. Mkeka, kigoda, au jiwe la nyuma ya nyumba linatosha. Chagua saa yako, hata kama ni nusu saa, uitangaze kwa watoto na kwa baba yao, halafu uitunze kama unavyotunza siku ya kliniki. Usiende na maswali mengi. Kaa tu. Mtoto mwenye neno hungoja aone kwanza kama kweli umekaa.

Salme alifariki Ujerumani mwaka 1924, na inasimuliwa kwamba katika vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa Unguja.

Jioni hii sina zamu. Binti yangu ameshatandika mkeka, na ananiita. Tuonane mwezi ujao.